Ukurasa wa Mlangoni

Kazi yangu ni kupanga maandishi ya watu wengine. Nina chumba kimoja ghorofa ya pili mjini Nyeri, kompyuta mbili, printa inayotaka kubembelezwa asubuhi za baridi, na dirisha linalotazama mabati ya maduka. Watu wakiniuliza nafanya nini, huwaambia nachapa, kwa kuwa ndilo neno wanalolijua. Lakini kuchapa ni sehemu ndogo tu. Mtu huniletea maelezo ya jinsi ya kufanya jambo fulani, iwe ni kutumia mashine ya kukoboa mpunga, kujaza fomu ya basari au kunyunyizia kahawa dawa, nami nayapanga ili atakayeyasoma ayafuate bila kuhitaji kumwuliza mtu. Naweka vichwa, namba za hatua, herufi nzito mahali penye hatari, na nafasi nyeupe pale ambapo jicho linataka kupumua.

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama alikuwa akisema nilijifunza kutembea kabla ya kujifunza kukaa. Hata kazini huketi dakika ishirini, nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi kusogeza pambizo kidogo, kisha nikairudisha palepale ilipokuwa. Kwa miaka mingi niliiona tabia hiyo kuwa ndiyo bidii. Wateja nao waliisifu. Walisema kazi yangu ni safi.

Msimu mmoja wa baridi, ukungu ukiwa umeshuka hadi barabarani na kila mtu mjini amevaa jaketi mbili, alikuja afisa wa usalama wa shamba la maua lililoko upande wa Timau. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi vizuri, viatu vimejaa matope. Aliketi kwenye kiti cha wateja bila kuegemea.

"Madam, niko na kazi kidogo," akasema. "Ni kidogo, lakini iko na haraka."

Akaeleza. Zamani, grinihausi, yaani nyumba ya plastiki ya kukuzia maua, ikishapigwa dawa ya wadudu, walikuwa wakifunga kamba mlangoni ili mtu asiingie. Sasa walikuwa wameamua kuacha kamba na kutumia bendera. Nyekundu ilimaanisha dawa bado ni mbichi, mtu asiingie. Kijani ilimaanisha ingieni mfanye kazi. Walikuwa na kurasa kumi na moja za Kiingereza kutoka kwa wauzaji wa dawa, na hakuna aliyekuwa amezisoma hadi mwisho, yeye mwenyewe akiwemo. Alitaka nizigeuze ziwe karatasi tatu: moja ya mameneja, moja ya masupavaisa, na moja ya wanawake wanaokata maua, ambayo ingebandikwa kwenye mlango wa kila grinihausi.

"Hiyo ya akina mama ifanye picha tupu," akasema. "Wengi hawajasoma. Na hakuna mtu anasimama mlangoni kusoma. Na iwe peji moja, ile plastiki tuko nayo ni ya peji moja."

Sikumwuliza ni wangapi hasa hawajasoma. Niliandika kwenye daftari langu: picha tupu, ukurasa mmoja.

Ukurasa wa mameneja niliumaliza asubuhi moja. Watu wa ofisi hupenda jedwali. Ukiwapa jedwali lenye mistari myembamba na kichwa kilichotiwa kivuli, wanaamini mambo yako sawa. Wa masupavaisa niliuandika kwa Kiswahili, hatua kumi na mbili zenye namba, kila hatua ikianza na kitendo: funga, andika, ngoja, badilisha. Wa tatu ndio uliokataa kunipa raha.

Nilikuwa na picha nane. Ya bendera nyekundu, ya saa ya ukutani kumaanisha ngoja, ya bendera ya kijani, ya glavu, ya mwanamke akiingia mlangoni, ya mwanamke huyohuyo akikata maua, akinawa mikono, na akila chakula. Nikizipanga zote mstari mmoja kutoka juu hadi chini, zilimwagika ukurasa wa pili. Nikizipunguza zienee, zilikuwa ndogo kama stempu. Basi nikatengeneza jedwali la safu mbili. Picha nne za kwanza nikaziweka kushoto, nne za mwisho kulia, nikaficha mistari ya jedwali. Zilikaa vizuri. Mwanzoni kila picha ilikuwa na namba pembeni, lakini programu ilizipanga namba zenyewe kwa namna nisiyoitaka, ikihesabu kwenda kulia badala ya kushuka. Nilihangaika nazo nusu siku. Niliinuka, nikaketi, nikainuka tena. Hatimaye nikazifuta. Ukurasa ukaonekana mweupe, mtulivu, na nikapata ile raha fupi ambayo mtu kama mimi huipata mara chache.

Kabla ya kuutuma nilishuka chini kumwonyesha mzee anayeuza vitambaa kwenye duka lililo chini ya chumba changu. Ni Mwislamu wa hapahapa mjini, babu yake alikuja na msafara wa biashara akaoa Nyeri akabaki, naye ana uvumilivu ambao mimi sina. Huwa namwonyesha kazi zangu kwa sababu haoni haya kusema hajaelewa.

"Tazama, mzee wangu," nikamwambia. "Bendera nyekundu, unangoja, bendera ya kijani, glavu. Halafu unaingia, unakata, unanawa, unakula." Na nilipokuwa nikisema, kidole changu kilikuwa kikishuka upande wa kushoto, kisha kikapanda juu na kushuka kulia.

"Naam, imeeleweka," akasema. "Hata mjukuu wangu ataelewa."

Nikapanda ngazi mbilimbili, nikautuma.

Wiki tatu zikapita. Nilikuwa nikipanga maelezo ya fomu za chama kimoja cha kahawa simu ilipolia. Alikuwa yule afisa.

"Madam, ile peji ya mlango, bado uko nayo kwa kompyuta?"

"Niko nayo. Kuna nini?"

"Kuna msichana aliingia ndani na dawa haijakauka. Alifanya kazi karibu saa nzima. Ako hospitali Nanyuki. Usishtuke, daktari amesema atapona."

Nilikuwa tayari nimesimama. Nilikuwa dirishani, na sikumbuki kwenda huko.

"Sasa sikia," akaendelea, sauti yake ikiwa ya chini kama ya mtu aliyefunga mlango. "Mimi naandika ripoti ya kesho kutwa. Ati aliona maagizo na akapuuza. Nataka niweke ile peji kama ushahidi. Lakini nimeangalia, nikaona haina namba. Wewe iwekee namba, moja mpaka nane, halafu uniprintie na rangi. Tarehe ya chini iache vile ilikuwa."

"Niweke namba ambazo hazikuwepo?"

"Si ni kitu kidogo? Maagizo ni yaleyale."

Nilimwambia nitaona. Ndivyo nilivyosema, nitaona, na mpaka leo nikilikumbuka neno hilo najisikia vibaya, kwa sababu halikuwa jibu.

Niliufungua ukurasa. Nikautazama kama mtu asiyeujua, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja. Jicho langu lilianzia juu kushoto, kwenye bendera nyekundu. Halafu, kabla sijalikataza, likaenda kulia, kama linavyoenda katika kila kitabu nilichowahi kusoma. Na pale kulia, ubavuni mwa bendera nyekundu, alikuwa yule mwanamke akiingia mlangoni.

Siku hiyo sikufanya kazi nyingine. Niliziweka namba, nikazifuta, nikaziweka tena. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nilifunga ofisi mapema nikazunguka mji bila sababu, nikapanda hadi karibu na hospitali kuu, nikateremka, nikanunua viazi ambavyo nyumbani vilikuwepo. Nilijiambia huenda yule msichana hakuusoma ukurasa wenyewe. Labda aliingia tu, watu huingia. Nilitaka sana iwe hivyo, na kwa sababu nilitaka sana, nikajua lazima nimwulize.

Asubuhi nilikwenda Nanyuki. Muuguzi alinielekeza wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na ukuta. Nilimkuta msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, ameketi na blanketi mabegani, akijaribu kunywa uji. Kikombe kilikuwa kikitetemeka, naye alikuwa akikitazama kwa hasira, kama ni kikombe kilichokuwa kikimchokoza. Kando yake alikuwa ameketi rafiki yake wa kazini, mwanamke mkubwa kidogo, bado amevaa gambuti za shambani.

Nilikuwa nimejitayarisha kusema mimi ni mtu wa kanisa. Nilikuwa nimeupanga uongo huo njia nzima. Lakini alipoinua macho nikasema, "Mimi ndiye nilitengeneza ile karatasi ya picha iliyo mlangoni."

Wakatazamana.

"Ile ya bendera?" msichana akauliza.

"Ile ya bendera. Nimekuja kukuuliza uliielewa vipi. Sijatumwa na shamba."

Akaweka kikombe chini. Alikuwa katika wiki ya pili tu kazini, akasema, na siku bendera zilipoelezwa kwenye mkutano yeye hakuwa ameajiriwa bado. Asubuhi ile alifika mbele ya wenzake. Alikuta bendera mlangoni. Akaangalia karatasi.

"Niliona bendera, kando yake mama anaingia," akasema. "Nikajua hiyo ndio nyumba ya kazi leo. Chini yake kuna saa, na kando yake mama anakata maua. Nikasema, sawa, wanataka haraka, wanahesabu saa. Halafu kuna bendera ingine na mama ananawa. Nikajua wakibadilisha bendera tunatoka, tunanawa. Ya mwisho ni glavu na chakula. Unavua glavu, unakula."

Alisema yote hayo bila kunilaumu, kama mwanafunzi anayeeleza jinsi alivyofikia jibu. Na lilikuwa jibu zuri. Hakukuwa na picha hata moja iliyobaki nje. Nilikuwa nimeandika maagizo mawili katika ukurasa mmoja, na yale ya pili yalikuwa yamekaa sawa kuliko ya kwanza.

"Lakini ile ya kwanza ilikuwa nyekundu," nikasema. Nilisema polepole. Nilikuwa bado natafuta mlango wa kutokea.

Rafiki yake akatoa simu, akatafuta, akanipa. Alikuwa ameupiga picha ule mlango siku ileile. Ukurasa wangu ulikuwa chini ya plastiki, umechapwa kwa wino mweusi tu. Bendera ya kwanza ilikuwa ya kijivu. Ya pili nayo ilikuwa ya kijivu.

"Na ile bendera yenyewe, ya kitambaa?"

"Hiyo ilikuwa nyekundu," msichana akasema. "Lakini kwa karatasi bendera ni bendera."

Nikamrudishia rafiki yake simu. Nilitaka kuinuka nikatembee kwenye varanda, lakini nilijizuia. Msichana alikuwa ananitazama.

"Mama, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza."

"Kwa nini hamkuandika? Mimi nimesoma mpaka fomu foo. Hata huyu amesoma. Mngeandika tu 'Usiingie', ningesoma."

Nilisema niliambiwa niweke picha tupu. Nikasema pia kwamba ningeweza kuuliza, na sikuuliza. Akatikisa kichwa kukubali, akachukua kikombe chake tena kwa mikono miwili. Aliniambia kwamba ndani ya grinihausi mate yalikuwa yanatoka yenyewe, na macho yalikuwa yanaona kama kupitia tundu la ufunguo. Alidhani ni baridi. Aliendelea kukata kwa sababu hakutaka kuonekana mvivu katika wiki ya pili.

"Wanasema nilipuuza," akaongeza. "Watanifuta kazi?"

"Sijui," nikasema. "Lakini naenda huko sasa."

Nilifika shambani kabla ya saa nane. Mlinzi alimwita yule afisa, naye akatoka nje ya geti badala ya kuniingiza ndani. Tulisimama kando ya uzio, upepo ukivuta mashati yetu. Alidhani nimemletea ukurasa.

Nikamwambia sijaweka namba. Nikamwonyesha ukurasa ule wa awali, nikamwomba ausome kwa kidole chake mwenyewe, bila mimi kusema kitu. Akaanza. Kidole chake kilitoka kwenye bendera kikaenda kulia. Kikasimama hapo kwa mwanamke anayeingia, na kikabaki hapo muda mrefu.

"Ai," akasema kwa sauti ndogo.

"Hilo ni kosa langu," nikasema. "Lile la rangi ni lenu. Yeye hana kosa."

"Madam, unajua wewe unaenda nyumbani Nyeri. Mimi ndio nitaulizwa. Mimi pia niko na watoto."

"Najua."

"Ukiweka namba, haitadhuru mtu. Yeye daktari amesema atapona."

"Itamdhuru. Wataandika alipuuza, na hataajiriwa hapa wala shamba lingine. Nitaandika barua. Nitasema nilizipanga picha safu mbili nikafuta namba, na kwamba wewe hukujua nimefanya hivyo. Nitasema ukweli huo, na nitasema pia ilitolewa bila rangi. Hilo uliloniomba kwa simu, la kuongeza namba, sitaliandika."

Hakunishukuru. Aliniuliza barua itafika lini. Nikamwambia kesho. Akarudi ndani bila kuniaga, na mimi sikumlaumu.

Barua hiyo ilikuwa ya ukurasa mmoja. Katika miaka yote ya kupanga maandishi sijawahi kuandika kitu chenye sura mbaya kama kile. Hakikuwa na kichwa cha habari wala herufi nzito, na kila nilipotaka kuipamba niliondoa mkono kwenye kompyuta. Niliambatanisha ukurasa wa awali kama ulivyokuwa, na ile picha ya simu, ambayo rafiki wa msichana alinitumia kwa hiari yake. Niliituma kabla ya saa tatu asubuhi, kisha nikatembea hadi soko na kurudi mara mbili.

Msichana hakufutwa. Walimrudisha, lakini kwenye ukumbi wa kufungasha maua, mbali na dawa. Afisa alipewa onyo la maandishi, na baada ya miezi kadhaa nikasikia amehamia shamba jingine. Ukurasa wa mlangoni ulitengenezwa upya na mtu mwingine. Mimi sikuitwa tena na shamba hilo, wala na mashamba mawili ya jirani ambayo yalikuwa yameahidi kuniita. Habari hutoka shamba hadi shamba haraka kuliko gari.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu na hutumia maneno machache, alinisikiliza wiki nzima nikieleza jambo lilelile. Mwishowe akaniuliza, "Sasa utafanya nini tofauti?" Niliona ni swali la kimwalimu, nikaudhika. Lakini nilishindwa kulala mchana wa Jumapili kwa sababu yake.

Nilichofanya ni hiki. Siku hizi sipokei kazi ya maagizo mpaka nimewaona watakaoyafuata. Nikimaliza, nampa mmoja wao ukurasa, nakalia mikono yangu ili kidole kisimsaidie, na nanyamaza. Ni kazi ngumu kuliko zote ninazozijua. Mwaka jana kinu kimoja cha mchele Mwea kilitaka maelezo ya mashine mpya. Nilimpa mwendeshaji, mama wa makamo mwenye unga wa pumba kwenye nyusi, akasoma kimya kwa dakika nne. Mimi nilizihesabu. Alipofika hatua ya sita akasema, "Hapa sijui kama mashine inazima au inaendelea." Nilikuwa nimeipitia hatua hiyo mara kumi na mbili. Nikaandika "Zima mashine" kwenye mstari wake peke yake.

Mzee wa vitambaa bado namwonyesha kazi, lakini sisemi neno. Mara ya kwanza nilipomnyamazia alidhani nimemkasirikia.

Yule msichana nilikutana naye miezi michache iliyopita, Nanyuki, karibu na kituo, nikiwa nawahi miadi. Yeye ndiye aliyenitambua. Aliniambia ameacha maua, yeye na dada yake wamekodi shamba la vitunguu, na mikono haitetemeki tena isipokuwa akichoka sana. Nilimwambia pole, kwa mara nyingine, nikahisi neno lenyewe limechakaa mdomoni.

"Mama, hiyo imeisha," akasema. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa maelezo ya dawa ya vitunguu aliyoinunua asubuhi hiyo, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo sana. "Wewe unajua haya mambo. Hii inasema nikimaliza kupiga dawa ningoje siku ngapi ndio nivune?"

Nilikuwa nimeshachelewa. Nikaweka mkoba wangu chini kati ya miguu, nikaigeuza karatasi kwenye mwanga, na tukaanza kuitafuta pamoja, mstari kwa mstari.